Kutoka Jivu hadi Kijivu: Majina ya Rangi na Usanifishaji wa Picha Ghafi za Kidijitali

1.0 Utangulizi

Katika sarufi ya Kiswahili, rangi tatu tu zina mashina ya sifa yanayochukua upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa kitambaa chekundu, lakini kitambaa cha kijani. Rangi nyingine nyingi zimeazima majina ya vitu: kijani kutoka jani, kijivu kutoka jivu, kahawia kutoka kahawa, zambarau kutoka tunda. Msemaji hutaja kitu kinachojulikana na wote, naye msikilizaji hupima rangi kwa kitu hicho. Makala hii inadai kuwa mpiga picha anayetafuta rangi sahihi hana budi kufanya vivyo hivyo.

2.0 Picha Ghafi Haijawa Rangi

Kihisi cha kamera hupima kiasi cha mwanga tu. Ili rangi ipatikane, kila nukta ya kihisi hufunikwa kwa kichujio. Katika mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, na kupewa hataza mwaka 1976, nusu ya vichujio ni vya kijani, robo vyekundu na robo vya buluu. Faili ghafi huhifadhi vipimo hivyo kabla ya kufasiriwa. Programu ndiyo huvifasiri, nayo haiwezi kujua ni mwanga gani uliomulika kitu kilichopigwa.

Chukua mifano miwili. Jumba la Makumbusho la Kitale, lililofunguliwa mwaka 1974, lilianzia kwenye mkusanyiko wa vipepeo, ndege na vitu vingine wa Hugh Stoneham. Kipepeo mmoja akipigwa picha karibu na dirisha, kisha chini ya balbu ya manjano, mabawa yake yatatoka na rangi mbili tofauti. Mtafiti anayetegemea picha hizo aweza kudhani ameona vipepeo wawili.

Mfano wa pili unatoka Bungoma, ambako Wabukusu hutahiri vijana mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Mtahiriwa hupakwa tope la mtoni alfajiri, wakati mwanga una ubuluu mwingi. Kamera iliyowekwa kwa jua la mchana italitia tope hilo na ngozi yake ubuluu usiokuwapo. Jua likipanda na fremu ikajaa mahindi mabichi, kamera iliyoachiwa ikisie yenyewe yaweza kupunguza kijani kupita kiasi, nyuso zikaelekea uwaridi.

3.0 Hatua za Usanifishaji

Kwanza, picha ipigwe kwa mfumo ghafi. Katika faili ya kawaida iliyobanwa, uamuzi wa kamera kuhusu weupe huwa umeshachanganywa na picha. Katika faili ghafi uamuzi huo hubadilishwa baadaye bila hasara.

Pili, kadi ya kijivu ipigwe katika mwanga uleule unaomwangukia mhusika, bila kuunguzwa na mwanga. Programu ikielekezwa kwenye kadi hiyo, husawazisha nyekundu, kijani na buluu, na picha nyingine za mwanga huo hufuata. Mwanga ukibadilika, kadi ipigwe upya. Hapa ndipo jina na kipimo vinapoachana: jivu la kuni hutofautiana toka jiko hadi jiko, lakini kadi lazima iwe kijivu kisichoegemea rangi yoyote. Hata karatasi nyeupe haitoshi, kwani nyingi hutiwa kemikali za kung'arisha zinazoleta ubuluu.

Tatu, kijivu hakirekebishi kila rangi. Hutumika ubao wa miraba 24, uliotolewa mwaka 1976, ambao thamani za miraba yake zinajulikana. Programu hulinganisha thamani hizo na zile zilizopimwa na kamera, kisha huunda wasifu wa rangi wa kamera hiyo.

Nne, skrini nayo ipimwe kwa kifaa chake. Anayerekebisha picha kwenye skrini yenye umanjano atazitia ubuluu zote akidhani anaziponya.

4.0 Kigezo ni cha Nani?

Miraba ya kwanza ya ubao huo ina majina ya vitu: ngozi nyeusi, ngozi nyeupe, anga, majani, ua la buluu. Wahandisi walirejea pale pale Kiswahili kilipoanzia. Hata hivyo, kigezo si jambo la ufundi tu. Kwa miaka mingi kadi za Kodak za kupimia rangi katika maabara za picha zilikuwa na sura ya mwanamke mzungu, na ngozi nyeusi zikapoteza sura zao katika filamu. Wanafunzi wa isimu wanalifahamu suala hili: usanifishaji wa Kiswahili nao ulikuwa na kigezo chake, lahaja ya Kiunguja, na lahaja nyingine zikapimwa kwayo.

5.0 Hitimisho

Rangi sahihi haipatikani kwa kamera ghali pekee. Hupatikana kwa kigezo kinachojulikana, kilichowekwa katika mwanga wa mhusika mwenyewe. Kwa mpiga picha wa Kitale au Bungoma, hiyo ndiyo njia ya kuhifadhi ngozi, udongo na mabawa jinsi yalivyo. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, istilahi za kuifundisha kazi hii zimekuwamo katika lugha tangu mtu wa kwanza alipotazama jivu na kusema: kijivu.