Mbwa Mzee Anaumwa Viungo

Mbwa wako amelinda nyumba kwa miaka mingi. Sasa amezeeka. Asubuhi anaamka kwa shida na anachechemea. Usiseme ni mvivu. Huenda viungo vinamwuma.

Kati ya mifupa kuna gegedu. Gegedu ni laini, huzuia mifupa isisuguane. Mbwa akizeeka gegedu hulika, mifupa husuguana na kuleta maumivu. Ugonjwa huu hauponi, lakini maumivu hupungua akitunzwa.

Fanya hivi:

1. Mlaze mahali pakavu. Bukoba na Muleba mvua ni nyingi na sakafu huwa baridi. Tandika majani makavu ya migomba, juu yake weka gunia. Yakilowa, badilisha.

2. Chovya kitambaa katika maji ya vuguvugu, kamua, weka kwenye kiungo kwa dakika 10.

3. Mtembeze kidogo kila siku. Usimfunge kutwa.

4. Asinenepe. Uzito huumiza viungo.

Usimpe mbwa dawa za maumivu za watu. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kutoboa tumbo lake na kuharibu figo. Anaweza kufa. Mwone afisa mifugo, atakupa dawa inayomfaa mbwa.

Waambie watoto wasimguse panapouma. Hata mbwa mpole huuma akiumizwa. Akimwuma mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kichaa cha mbwa huua.