Kura Iliyopatikana kwa Vipande: Tujifunze kwa Wanawake wa Uingereza

Kikundi kinachodai haki yake kikipewa nusu tu ya kile kilichodai, kifanye nini? Kipokee kidogo hicho, au kikatae? Na kikipokea, ni nani atakayewasemea wale walioachwa nje? Maswali haya hujitokeza katika kamati za maji, katika vyama vya akiba na mikopo, na hata katika nyumba zetu za ibada.

Katika somo hili tunayatazama kupitia historia ya wanawake wa Uingereza, ambao walidai kura kwa zaidi ya miaka 60 kabla ya kuipata sawa na wanaume. Tunawashauri wasomaji mlisome kwa pamoja katika vikundi vyenu, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

Hali ilivyokuwa

Wengi wetu hudhani kwamba wanawake wa Ulaya wamekuwa na haki hizi tangu zamani. Sivyo. Katika karne ya 19, mwanamke wa England alipoolewa, mshahara wake na sehemu kubwa ya mali yake vilihesabiwa kuwa vya mumewe. Ilibidi itungwe sheria mwaka 1870 ndipo mke aruhusiwe kuwa na mshahara wake mwenyewe, na nyingine mwaka 1882 ili aweze kumiliki mali kwa jina lake.

Kuhusu kura, sheria ya mwaka 1832 ilitamka waziwazi kwamba mpiga kura ni mwanamume. Hata hivyo wanaume wengi maskini nao hawakuwa na kura, kwa sababu haki hiyo ilifungamanishwa na mali. Tuliweke jambo hili akilini, maana ubaguzi wa jinsia na ubaguzi wa mali vilikwenda pamoja tangu mwanzo.

Hatua za kwanza

Mwezi Juni 1866, Emily Davies na Elizabeth Garrett walipeleka bungeni ombi lenye saini za wanawake karibu 1,500. Rundo la karatasi lilikuwa kubwa, nao waliona haya kuonekana nalo. Wakamwomba mama muuza matunda aliyekuwa hapo alifiche chini ya meza yake mpaka mbunge John Stuart Mill alipofika kulichukua. Mwaka uliofuata, Mill aliwaomba wabunge wabadilishe neno moja tu katika muswada wa uchaguzi: badala ya "mwanamume" liandikwe "mtu". Wabunge 73 walikubali, 196 walikataa.

Mwaka huohuo wa 1867 jina la Lily Maxwell, mwenye duka mjini Manchester, liliingizwa kwa makosa katika daftari la wapiga kura. Akaenda, akapiga kura. Mwaka 1868 mahakama iliamua kwamba sheria haiwaruhusu wanawake kufanya hivyo.

Tusidhani kwamba madai haya yalikuwa ya wanawake wenye nafasi peke yao. Mwaka 1901, wanawake wa viwanda vya pamba vya Lancashire walipeleka London ombi lenye saini zaidi ya 29,000. Saini hizo zilikusanywa kwenye malango ya viwanda na majumbani. Wanawake hawa walifanya kazi, walilipwa mshahara na walichangia vyama vya wafanyakazi, lakini sheria za kazi yao zilitungwa na watu ambao wao hawakuwachagua.

Njia mbili

Mwaka 1897 vyama vingi vidogo viliungana chini ya uongozi wa Millicent Fawcett. Hawa walitumia maombi, mikutano, magazeti na maandamano ya amani. Mwaka 1913 walitembea kwa miguu kutoka pembe mbalimbali za nchi, wengine kwa zaidi ya wiki 5, hadi uwanja wa Hyde Park, London.

Wengine walichoka kungoja. Mwaka 1903, Emmeline Pankhurst na wenzake walianzisha mjini Manchester chama chenye kaulimbiu ya "matendo, si maneno". Hao ndio gazeti moja liliwapa jina la kejeli la "sufrajeti", nao wakalipokea jina hilo kwa fahari. Waliwakatiza mawaziri wakihutubia, wakavunja madirisha, na baadaye baadhi yao wakachoma majengo, makanisa yakiwa miongoni mwake. Hatuwezi kuificha sehemu hii ya historia. Mpaka leo wanahistoria wanabishana kama vitendo hivyo viliharakisha kura au viliichelewesha.

Serikali nayo ilijibu kwa ukali. Wanawake waliogoma kula gerezani walilishwa kwa nguvu kwa mpira uliopitishwa puani au mdomoni. Mwaka 1913 ilitungwa sheria ya kuwaachia waliodhoofika na kuwakamata tena wakishapata nafuu. Wananchi waliiita sheria ya paka na panya.

Hapa kuna kisa kinachotufundisha jambo. Constance Lytton alikuwa binti wa ukoo mkubwa. Alipofungwa Newcastle mwaka 1909, madaktari walimpima moyo, wakaona ni mgonjwa, wakamwachia haraka. Alishuku kwamba aliachiwa kwa sababu ya ukoo wake. Januari 1910 alivaa mavazi ya fundi cherehani, akajiita Jane Warton, akakamatwa Liverpool. Safari hii hakuna aliyempima moyo. Alilishwa kwa nguvu mara 8 kabla haijajulikana yeye ni nani. Moyo ulikuwa uleule, na ugonjwa uleule. Kilichobadilika ni jina na nguo.

Wapinzani hawakuwa wanaume tu

Mwaka 1908 iliundwa jumuiya ya wanawake waliopinga kura, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Mary Ward, mwandishi mashuhuri wa riwaya. Walisema siasa za taifa zingeharibu nafasi ya mwanamke katika familia. Waumini nao waligawanyika. Wapo waliosema Maandiko yamempa mwanamume uongozi. Lakini mwaka 1909 waumini wa Kanisa la Anglikana, wanaume kwa wanawake, waliunda umoja wao wa kudai kura, na Wakatoliki wakaunda wa kwao mwaka 1911. Pande zote mbili zilisali, na zote zilisoma Biblia ileile.

Sheria ya 1918: nani aliingia, nani alibaki nje?

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, vyama vikubwa vilisimamisha kampeni zao. Wanawake waliingia kwa wingi katika viwanda vya silaha, usafiri, mashamba na maofisi. Tatizo jingine likazuka. Sheria ilimtaka mpiga kura awe ameishi mahali pamoja kwa miezi 12, hivyo askari waliokuwa vitani wangepoteza kura zao. Bunge lililazimika kuitengeneza upya sheria ya uchaguzi, na wanawake wakaona mlango umefunguka kidogo.

Sheria ya Februari 1918 iliwapa kura karibu wanaume wote wenye miaka 21 na zaidi. Wanawake walipewa kwa masharti. Ilibidi mwanamke awe ametimiza miaka 30, na awe mwenye nyumba au mke wa mwenye nyumba, au mpangaji wa mahali penye kodi ya pauni 5 au zaidi kwa mwaka, au awe amehitimu chuo kikuu. Wanawake kama milioni 8.4 waliingia katika daftari.

Kwa nini miaka 30? Wanaume wengi walikuwa wamekufa vitani, na wanasiasa waliogopa kwamba wanawake wangekuwa wengi kuliko wanaume kwenye kura. Matokeo yake, msichana wa miaka 22 aliyejaza baruti kwenye mabomu hakupata kura. Mtumishi wa ndani mwenye miaka 40, anayelala katika nyumba ya tajiri wake, naye hakupata.

Viongozi walijua hivyo. Fawcett na wenzake walikubali kupokea sehemu, kwa hoja kwamba wakikataa, muswada wote ungeweza kuanguka. Je, walikosea? Kwa maoni yetu jibu linategemea walichofanya baadaye. Chama cha Fawcett hakikufunga ofisi. Kilibadili jina, kikampata kiongozi mpya, Eleanor Rathbone, kikaendelea kudai kura iliyo sawa. Julai 1926 wanawake waliandamana tena hadi Hyde Park, wengi wao wakiwa tayari na kura zao mkononi. Walikuwa wakiwadai wengine.

Tarehe 2 Julai 1928 sheria mpya iliwapa kura wanawake wote kuanzia miaka 21, sawa na wanaume. Emmeline Pankhurst alikuwa amefariki siku 18 kabla. Fawcett alikuwa hai, mwenye miaka 81. Alikuwa msichana wa miaka 19 alipoketi bungeni kumsikiliza Mill akishindwa mwaka 1867.

Mlango uliobaki umefungwa

Lakini hata mwaka 1928 haukuwa mwisho kwa watu waliokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Zanzibar, iliyokuwa chini ya ulinzi wake, ilifanya uchaguzi wa kwanza wa baraza la kutunga sheria Julai 1957. Waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao. Wanawake wa Unguja na Pemba walipiga kura kwa mara ya kwanza Januari 1961. Serikali iliyokwisha kukubali usawa nyumbani kwake ilichukua miaka mingine zaidi ya 30 kuufikisha visiwani.

Mambo ya kukumbuka

• Haki mara nyingi huja kwa vipande. Kupokea kipande si kosa. Kosa ni kuwasahau ambao hawakukipata.
• Masharti ya umri, elimu, mali au ada yanaweza kumbagua mtu bila kumtaja. Tuyachunguze kila tunapoandika katiba ya kikundi.
• Aliyekwisha kuingia ana sauti ambayo aliye nje hana. Aitumie.

Maswali ya kujadili

1. Kama mngekuwa viongozi mwaka 1917, mngeukubali muswada wenye sharti la miaka 30? Toeni sababu.
2. Kisa cha Constance Lytton kinaonyesha nini kuhusu huduma katika ofisi, zahanati au vituo vya eneo lenu?
3. Someni katiba ya kikundi chenu. Ni masharti gani yanawazuia wajane, vijana, wafanyakazi wa ndani au watu wenye ulemavu kupiga kura au kuchaguliwa?
4. Nani hakuwapo leo wakati mkijadili somo hili? Ni kitu gani kilimzuia kuja, na nani atakwenda kumwona kabla ya mkutano ujao?