Soma taa za fayawoli kabla ya kuchomoa kebo

Mtandao ukikatika ofisini, mkono wa kwanza huenda kwenye kebo. Huyu anachomoa hii, yule anachomeka ile, mwingine anazima kila kitu na kuwasha upya, na baada ya nusu saa hakuna anayekumbuka kebo ipi ilikuwa wapi. Muda wote huo fayawoli ilikuwa inaonyesha tatizo liko upande gani, kwa taa zilizo mbele yake. Kuzisoma si kazi ngumu. Ila taa hazina maana kama kebo zimechomekwa ovyo, kwa hiyo tuanze na kebo.

Fayawoli ndogo, ya duka la dawa, SACCOS au shule, ina matundu ya RJ45 yaliyofanana umbo lakini yenye kazi tofauti. La WAN linapokea intaneti kutoka kwa mtoa huduma. Ya LAN yanapeleka mtandao ndani ya ofisi. La DMZ ni la seva inayotakiwa kufikiwa kutoka nje. Kama huna seva ya namna hiyo, liache wazi. Majina hutegemea mtengenezaji. FortiGate 60F ina WAN1, WAN2, DMZ, kisha namba 1 hadi 5, halafu A na B. SonicWall za familia ya TZ huita LAN X0 na WAN X1, na hapo wengi hupotea kwa sababu wanadhani tundu linaloanza ndilo la nje. Kwenye MikroTik nyingi ndogo, ether1 ndiyo iliyotengwa kwa intaneti tangu kiwandani, yaani kinyume chake. Usikisie; soma maandishi yaliyo juu ya tundu.

Tundu moja linastahili tahadhari ya pekee: CONSOLE. Kwenye vifaa vingi nalo ni RJ45, kebo ya kawaida inaingia na kukaza vizuri, lakini mtandao haupiti hapo. Ni mlango wa fundi kuzungumza na kifaa kwa kompyuta yake kupitia kebo maalumu. Ukiona kebo imeingia barabara, upande wa pili uko sawa, na hakuna taa hata moja, angalia kwanza kama haijawekwa CONSOLE.

Sasa mpangilio wenyewe. Kebo moja itoke kwenye kiboksi cha faiba au modemu ya mtoa huduma iingie WAN. Kebo nyingine itoke LAN iingie kwenye swichi ya ofisi. Kompyuta, printa, mashine ya malipo na vituo vya WiFi vyote vichomekwe kwenye swichi. Basi.

Ni mpangilio mfupi, lakini ndipo ninapoona ofisi nyingi zikipoteza ulinzi zilioulipia. Kiboksi cha mtoa huduma huwa na matundu manne, moja limetumika, matatu yako wazi. Siku printa mpya inapoletwa na swichi imejaa, mtu anaichomeka pale. Siku nyingine kebo inavutwa kutoka kwenye kiboksi hicho hadi kwenye swichi ili "kuongeza kasi". Hiyo ni njia ya panya. Mawasiliano yanapita pembeni ya fayawoli, hayakaguliwi wala hayazuiwi, na hakuna taa yoyote itakayogeuka nyekundu kukuonya. WiFi ya kiboksi hicho ni njia ya panya nyingine: mfanyakazi aliyeunganisha kompyuta ya kazi kwenye jina la mtandao lililobandikwa chini ya kiboksi hayuko ndani ya fayawoli kabisa. Izime WiFi hiyo, na hakikisha kiboksi kina kebo moja tu ya mtandao inayotoka, ile inayokwenda WAN. Ukaguzi wa dakika mbili kwa macho unatosha, na ningependa ufanywe kila baada ya fundi yeyote kupita ofisini, awe wa kamera, wa simu au wa umeme.

Kwenye umeme nitasema mambo mawili tu. Kiboksi cha faiba na fayawoli mara nyingi vyote hutumia volti 12, na vichwa vya adapta vinaweza kuingiliana, lakini ampea hazilingani. Fayawoli inayohitaji ampea 3 ikipewa adapta ya ampea 1 huenda ikawaka, kisha ikajizima na kuanza upya kazi inapozidi. Weka alama kwenye kila adapta. Pili, viweke kiboksi, fayawoli na swichi vyote kwenye UPS. Kulinda kimoja na kuviacha viwili hakukusaidii umeme unapokatika.

Kifaa kikishawashwa, taa ya kwanza kusomwa ni ya umeme, kwa kawaida PWR au POWER. Isipowaka, tatizo ni adapta, soketi au kifaa chenyewe, na hakuna haja ya kugusa kebo za mtandao. Inayofuata ni STATUS. Kwenye FortiGate ndogo hupepesa kijani wakati kifaa kinajiandaa, kisha hutulia. Ipe dakika kadhaa. Ukiona kupepesa hakuishi, au taa inatulia halafu inaanza tena, kifaa kinarudia kuwaka: rudi kwenye adapta kabla ya kuwaza mengine. Nyekundu kwenye STATUS ni tatizo zito la kifaa, na hapo fundi aliyekiweka ndiye wa kuitwa. Taa ya HA ni ya ofisi zenye fayawoli mbili zinazopokezana; kama mnayo moja, ikizimika isikusumbue.

Kisha njoo kwenye taa za kila tundu. Kwa kawaida ziko mbili, au moja inayobeba kazi zote mbili. Ya kwanza huonyesha muunganisho: ikiwaka bila kutikisika, pande mbili zimeonana, ikipepesa, data inapita, ikizimika, hakuna kinachosikika upande wa pili. Ya pili huonyesha kasi. Kwenye fayawoli nyingi kijani ni megabiti 1000 kwa sekunde na rangi ya chungwa ni 100, lakini kadi nyingi za mtandao za kompyuta hufanya kinyume, chungwa ikawa ndiyo 1000. Kama fayawoli yako imeundwa kwenye kompyuta ndogo yenye matundu kadhaa, soma karatasi yake kwanza.

Taa ya kasi hupuuzwa, nami naiheshimu kuliko zote kwa sababu inaeleza hali ya kebo. Ndani ya kebo kuna nyaya nane, jozi nne. Kasi ya 1000 inazihitaji zote nane. Kasi ya 100 inatosheka na nne, zile za nafasi ya 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo waya wa bluu au wa kahawia usipobanwa vizuri kwenye kichwa, mara nyingi muunganisho haufi. Unashuka hadi 100, taa inabadilika rangi, na kila mtu anasema intaneti imekuwa nzito. Ikiwa vifaa vyote viwili vinaweza 1000 na taa inaonyesha 100, badilisha kebo kwa nyingine unayoiamini. Rangi ikirudi, kata kichwa cha ile ya zamani na ubane kingine. Kebo iliyopita kwenye bawaba za mlango au iliyozidi mita 100 nayo ni ya kushukiwa.

Halafu kuna simu ambayo kila fundi wa mtandao anaijua. "Fundi, taa zote ni kijani, mbona intaneti hakuna?" Jibu zuri ni swali: "Dada, kwenye kile kiboksi cheupe cha faiba, kuna taa nyekundu iliyoandikwa LOS?" Kijani kwenye tundu la WAN kinathibitisha kebo fupi iliyo kati ya fayawoli na kiboksi, basi. Faiba inaweza kuwa imekatwa na wachimba mtaro mtaa wa pili na kijani hicho kikabaki vilevile. LOS ikiwa nyekundu, mwanga wa faiba haufiki, na hakuna mpangilio wa fayawoli utakaourudisha.

LOS ikiwa imezimika na kila kitu ni kijani, ingia kwenye ukurasa wa fayawoli uone kama WAN imepata anwani. Katika ufungaji mpya, kosa la kawaida ni anwani kugongana. Kiboksi cha mtoa huduma kinagawa 192.168.1, na fayawoli imetoka kiwandani ikitumia 192.168.1 hiyohiyo kwa ndani. Inashindwa kutofautisha nje na ndani. Badilisha ya ndani, kwa mfano iwe 192.168.50, na mambo yatakwenda.

Dalili ya mwisho ni ya kinyume: taa zote za swichi na za LAN zinapepesa kwa kasi moja, kwa pamoja, hata usiku ofisi ikiwa tupu, na mtandao umeganda. Hapo kuna uwezekano mkubwa wa mzunguko: kebo imetoka kwenye swichi na kurudi kwenye swichi hiyohiyo, au kebo mbili za LAN zimeingia swichi moja. Chomoa moja moja, ukisubiri kidogo kila mara. Taa zikitulia ghafla, kebo uliyoishika ndiyo.

Siku mtandao uko salama, piga picha ya taa za vifaa vyote vitatu, na nyingine ya nyuma ambako kebo zinaonekana, kila moja ikiwa na kijibandiko cha jina. Siku ukikatika, piga picha tena kabla ya kugusa chochote, ulinganishe, ndipo umpigie mtoa huduma ukimtajia taa ipi imebadilika, rangi gani, na tangu saa ngapi.