Somo: Simu Iwe Karani wa Kikundi cha Upishi

Somo la leo ni la akina mama (na wazee wachache, msijifiche) wanaopika kwenye harusi, matanga, mikutano ya parokia na sherehe za shule, kuanzia Maua na Nkubu hadi Chuka, Runyenjes na Siakago. Kupika mnajua, mukimo wenu hauhitaji mwalimu. Shida iko kwa karatasi.

Tunapotembelea vikundi huwa tunauliza: oda ya Jumamosi ijayo imeandikwa wapi? Mara nyingi tunajibiwa, "Mweka hazina anajua." Sasa mweka hazina akilazwa hospitalini siku ya Ijumaa, ni nani atakayejua kama bwana harusi alilipa nusu au robo? Hapo ndipo vikundi huvunjika, wala si kwa sababu ya chumvi.

Hatuwaambii mnunue kompyuta. Simu moja ya kisasa katika kikundi inatosha, yenye jedwali la hesabu kama Google Sheets, ambalo halilipiwi. Lakini kabla ya kugusa simu, pikeni kwanza mkipima. Andikeni kilo moja ya mchele imelisha watu wangapi. Njahi vivyo hivyo, nyama, mafuta, hata kuni. Jedwali halina macho. Likipewa uongo, litazidisha uongo.

Tuseme mmepima mkaona kilo ya mchele inalisha watu 8, na sahani moja mnauza shilingi 350. Watu 200 watataka kilo 25, na bili ni shilingi 70,000. Jumatano mwenye harusi anapiga simu: "Mama, wageni sasa ni 260." Kwa daftari mtakesha mkifuta na kuandika upya. Kwenye jedwali mnabadilisha namba moja tu, 200 iwe 260, na papo hapo mchele unakuwa kilo 32 na nusu, bili shilingi 91,000. Hiyo tofauti ya shilingi 21,000 ndiyo hupotea watu wakisema "tutaelewana baadaye".

Siku hiyo hiyo mtumieni mteja ujumbe. Maneno yake yaandikwe mara moja na kuhifadhiwa kwenye simu, kazi ibaki kujaza jina, tarehe, idadi ya sahani, kilicholipwa na salio. Akijibu "sawa", mna ushahidi. Hata mwenye kabambe anapata SMS. Kwa upande wa matanga tunashauri msimsumbue mfiwa. Ujumbe wa salio uende kwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi.

Tuje kwa pesa. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilitupunguzia safari za benki, lakini pesa za kikundi zikiingia kwa simu ya mtu binafsi zinachanganyika na za karo na za unga. Chukueni namba ya till ya kikundi. Kila malipo yanajiandika yenyewe, tarehe na kiasi. Kila mwisho wa wiki katibu alinganishe taarifa ya M-Pesa na jedwali, wanachama wawili wakiwa wameketi naye. Na jedwali lifunguliwe na maofisa watatu, si mmoja. Daftari msilitupe, maana mtandao nao hupotea.

Kuna pia jambo la KRA. Tangu Januari 2024, kampuni inayonunua chakula kwenu kwa kawaida haiwezi kuhesabu gharama hiyo katika kodi yake bila ankara ya eTIMS. Kwa hiyo mkitafuta oda za kampuni, mtaulizwa ankara hiyo. Tayarisheni PIN ya kikundi mapema, si asubuhi ya kupika.

Kazi moja tusiipe simu: kukubali oda. Jedwali litaonyesha kwamba Jumamosi iko wazi, lakini halijui kwamba sufuria mbili kubwa zimeazimwa, au wapishi wanne wana harusi ya jamaa yao. Hilo liamuliwe kwa mkutano.

ZOEZI LA KIKUNDI: Katika mkutano ujao, chagueni oda tatu za mwisho. Kila mwanachama aandike, bila kuangalia kwa mwenzake, ni nani bado ana deni na ni kiasi gani. Linganisheni majibu. Yakitofautiana, ingizeni oda hizo tatu kwenye jedwali kabla ya kwenda nyumbani.