Kusoma Habari za Theluji
Somo kwa walimu wa watoto na wainjilisti

Mwezi huu nataka tujifunze pamoja jambo moja la kazi yetu ya kufundisha kusoma. Sisemi habari za watoto wadogo ambao wangali wakiunganisha herufi. Nasema habari za wale wa darasa la nne hata la sita, ambao herufi wamekwisha kuzishinda. Hao twadhani ya kuwa wamekwisha kujua kusoma. Lakini je, wanajua?

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana, kabla ya kwenda chuo cha uchungaji, nilifundisha darasa la tano. Siku moja tulisoma hadithi fupi ya watoto wa Ulaya wachezao katika theluji. Mtoto mmoja akainua mkono, akauliza, “Mwalimu, theluji ikikuangukia, inaumiza kama mvua ya mawe?” Mimi nilikuwa sijapata kuishika theluji, nami niliona haya kusema kwamba sijui. Nikamjibu kwa ukali, “Wewe soma tu, usitupotezee wakati.” Akasoma. Alisoma vizuri, asikwame hata neno moja. Lakini tangu siku ile hakuniuliza neno tena.

Miaka ikapita, nikamkuta kijana yule katika usharika mwingine, amechaguliwa kusoma somo la Jumapili. Sauti yake ilikuwa safi, na watu walimsikiliza kwa furaha. Baada ya ibada nikamwuliza, “Mwanangu, yale uliyotusomea yalikuambia nini?” Akanijibu kwa adabu, “Baba Mchungaji, sikuyafikiri. Nilisoma tu.” Ndugu zangu, maneno yale yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyempa, naye aliyatunza.

I. Darasa la nchi ya baridi

Baadaye nilitumwa na wenzangu kuutembelea usharika rafiki katika jimbo la Minnesota, huko Marekani. Nilifika mwanzoni mwa Januari. Katika miezi hiyo upande wa kaskazini wa dunia umeinama mbali na jua. Jua la huko huchomoza karibu na saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja jioni limekwisha kuchwa. Maziwa huganda hata watu hupita juu yake kwa miguu. Siku zenye baridi kali watoto hawatoki nje kucheza, kwa hiyo walimu wengi huyafanya majira yale kuwa majira ya kusoma, nao huchagua vitabu vinavyosimulia yale yanayoonekana dirishani.

Niliruhusiwa kuketi nyuma ya darasa la tano kwa siku kadhaa. Nilikwenda kama mgeni wa kutazama, nikarudi kama mwanafunzi.

II. Somo la mkulima na theluji

Siku ya kwanza theluji ilikuwa ikianguka. Mwalimu hakufungua kitabu. Alikuwa ametangulia kuweka kitambaa cheusi nje ili kipate baridi, kisha akawatoa watoto kwa zamu, kila mmoja na kioo cha kukuzia. Vipande vya theluji vilipoanguka juu ya kitambaa, vilionekana kama nyota ndogo. Waliporudi ndani, kila mtoto aliandika maswali mawili. Mmoja aliuliza, “Kwa nini vina pembe sita?” Mwingine, “Nani alikuwa wa kwanza kuvipiga picha?”

Ndipo wakafungua kitabu cha habari za Wilson Bentley, kilichotungwa na Jacqueline Briggs Martin na kutolewa mwaka 1998. Bentley alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont. Alikuwa mkulima, mwana wa mkulima. Mama yake, aliyepata kuwa mwalimu, alimpa darubini ya kutazamia vitu vidogo. Kijana alijaribu kuchora vipande vya theluji, lakini viliyeyuka kabla hajamaliza. Basi wazazi wake wakamnunulia kamera, naye akaiunganisha na darubini ile. Tarehe 15 Januari 1885, akiwa na miaka 19, alipata picha yake ya kwanza iliyo njema. Majirani walimwona kuwa mtu wa ajabu, anayepoteza siku zake kwa kitu kisicho na bei. Yeye hakuacha, akapiga picha zaidi ya 5,000. Mwaka 1931 picha zaidi ya 2,400 zilitolewa katika kitabu, na mwezi Desemba wa mwaka ule ule akafariki.

Walipokwisha kusoma, mtoto mmoja akasema, “Bentley alikuwa mvumilivu.” Mwalimu hakusema “vema”, wala hakusema “sivyo”. Aliuliza, “Mstari gani umekuambia hivyo?” Mtoto akaweka kidole mahali paliposimulia michoro iliyokatishwa na kuyeyuka kwa theluji. Hapo ndipo mwalimu alipolikubali jibu. Siku zote nilizokaa pale sikusikia jibu lililopokelewa pasipo kidole.

Lakini lile swali la pembe sita halikujibiwa. Mtoto akalirudia. Mwalimu akasema mbele ya watoto wote, “Sijui vizuri. Kitabu hiki hakisemi. Tutafute kingine.” Niliposikia hayo, moyo wangu ulinichoma, nikamkumbuka mtoto wangu wa zamani. Kesho yake walipata jibu katika kitabu kingine: chembe ndogo sana za maji, zikiganda, hushikana kwa mpango wa pembe sita. Tangu mwanzo wake kile kipande hukua kwa kuufuata mpango ule.

Mwisho wa somo walipewa karatasi yenye maagizo ya kukunja na kukata nyota ya theluji. Mwalimu hakuwaonyesha kwa mikono. Walipaswa kusoma na kutenda. Aliyeruka agizo la tatu alipata pembe nane badala ya sita, na karatasi yake ikamshuhudia. Hakuchekwa wala hakupigwa. Alirudi kusoma maagizo tena.

III. Somo la mbwa wa Alaska

Habari ya pili ilikuwa ya mji wa Nome, katika Alaska. Mwezi Januari 1925 ugonjwa wa dondakoo uliwashika watoto wa mji ule. Dawa iliyokuwako haikutosha, na bahari ilikuwa imeganda, meli zisiweze kufika. Dawa ililetwa kwa garimoshi mpaka Nenana. Kutoka hapo watu 20 walipokezana, wakiichukua kwa sleji zilizovutwa na mbwa, katika baridi na tufani, safari ya kama kilometa 1,085. Mbwa wote walikuwa kama 150. Waliondoka Nenana usiku wa tarehe 27 Januari, na dawa ikafika Nome alfajiri ya tarehe 2 Februari.

Watoto walitandika ramani mezani, wakapitisha uzi juu ya njia ile. Kwa kila mahali pa kupokezana palipotajwa katika habari, walichoma pini. Aliyesoma ovyo uzi wake ulikwenda ovyo. Kwa kazi hiyo walijifunza kufuata mambo kwa taratibu yake, lipi lilitangulia na lipi lilifuata.

Kisha mwalimu akaligawa darasa mara mbili. Nusu walisoma habari za mbwa Balto, aliyewatangulia wenzake katika sleji ya Gunnar Kaasen, iliyoingia Nome na dawa. Huyu alipata sifa nyingi, na mwezi Desemba 1925 sanamu yake ilisimamishwa katika mji wa New York. Nusu ya pili walisoma habari za mbwa Togo, aliyeongoza sleji ya Leonhard Seppala. Hawa waliichukua dawa kwa kama kilometa 146, wakipita juu ya barafu ya bahari yenye hatari. Kaasen na Balto waliichukua kwa kama kilometa 85. Pande zote mbili zilikuwa zimesoma kweli. Lakini walipokutana wakaona ya kuwa kila upande ulikuwa umesoma nusu ya kweli.

Mtoto mmoja wa kike akasema kwa huzuni, “Kumbe anayefika mwisho ndiye anayeonekana.” Mwalimu akamwuliza, “Na wale wengine 18?” Darasa likanyamaza, kisha wakaanza kuyatafuta majina yao. Ndugu zangu, baraza la wazee haliamui neno kwa shahidi mmoja. Mtoto aliyezoea kulinganisha habari mbili akiwa na miaka 11 hatadanganywa kwa urahisi atakapokuwa mtu mzima, awe anasoma gazeti au anasikia uvumi wa jirani.

IV. Je, sisi tusio na majira ya theluji?

Labda mwinjilisti mmoja atasema, “Hayo ni ya kwao. Huku kwetu tuna masika na kiangazi.” Ni kweli. Tena sisemi tuwakatie watoto wetu nyota za karatasi kwa kuwaiga wageni. Lakini neno theluji limo katika vitabu vyetu vya shule. Limo katika Zaburi ya 147 na katika Isaya 55. Tukilipita kama nilivyolipita mimi, twawafundisha watoto ya kuwa maneno yaweza kusomwa pasipo kuwa na kitu ndani yake.

Tena baridi haikututupa kabisa. Ndugu zetu wa Njombe na Makete huamka mwezi Juni na Julai wakaona sakitu nyeupe juu ya majani. Basi waulizwe watoto: sakitu, barafu, theluji na mvua ya mawe, hayo yote ni kitu kimoja? Sakitu ni unyevu wa hewa ulioganda juu ya majani usiku. Theluji huumbika huko juu mawinguni, mvuke unapogeuka kuwa barafu pasipo kuwa maji kwanza. Mvua ya mawe ni matone yaliyoganda na kukua katika wingu la tufani. Na mahali pasipo hata sakitu, kipande cha barafu cha dukani chatosha. Kila mtoto akishike mpaka kiyeyuke, kisha aandike sentensi tatu za yale aliyoyasikia mkononi mwake. Baada ya hayo asome hadithi ya nchi ya baridi, uone kama atasoma kama jana.

Na ndugu wa Uchagga wana kitabu kilichofunguliwa kila asubuhi penye mawingu machache. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Mwongozi wake, alipoulizwa ni kitu gani, alijibu kwa neno moja tu: baridi. Rebmann alizaliwa Württemberg, nchi yenye theluji, naye alitambua mara moja. Lakini habari zake zilipochapishwa, bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, mtu mwenye elimu ya vitabu vingi vya Afrika, alikataa kabisa ya kuwa theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1862 Baron von der Decken alipanda mlima ule hata akaangukiwa na theluji yenyewe.

Tazameni watu hawa watatu. Mwongozi alikuwa ameona, naye akasema lile alilolijua, wala hakuongeza uongo. Bwana wa London alikuwa na maneno mengi, lakini hakuwa ameona. Rebmann alikuwa na neno na macho pamoja. Kazi yetu ni kumpa mtoto vyote viwili. Wala tusikawie, maana tangu mwaka 1912 zaidi ya sehemu 80 katika 100 za barafu ya Kilimanjaro zimekwisha kupotea. Huenda wajukuu wetu watasoma habari za weupe wa Kibo kama sisi tulivyosoma habari za Ulaya.

V. Taratibu ya somo

Basi, kwa kifupi, taratibu niliyoiona ni hii. Kwanza, watoto watazame au washike kitu kabla ya kusoma. Pili, waandike maswali yao wenyewe. Tatu, wasome, na kila jibu lionyeshwe kwa kidole. Nne, watende jambo kwa mikono, kama ramani au maagizo, litakaloshuhudia kama wamefahamu. Tano, wasome habari ya pili ya jambo lile lile na kulinganisha. Na mwalimu asipojua, aseme sijui, kisha atafute pamoja nao.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kumtafuta kijana yule. Sasa ni baba wa watoto wawili. Nikamwambia, “Mwanangu, nina deni lako la miaka 20. Theluji haiumizi. Hushuka kimya kama unyoya.” Alicheka sana, na mimi nikamwomba radhi. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza, “Na je, Baba Mchungaji, ina harufu?” Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika, nikamweleza yote niliyoyakumbuka ya asubuhi ile ya kitambaa cheusi.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Katika darasa lako, ni nani aliyeacha kuuliza? Lini, na kwa sababu gani?
2. Chagua ukurasa mmoja wa kitabu cha darasa la tano. Ni neno gani ndani yake ambalo watoto wako hawajapata kuliona kwa macho? Utawaonyesha nini badala yake?
3. Kwa nini haikutosha kusoma habari za Balto peke yake? Taja habari moja ya kwenu inayohitaji shahidi wa pili.
4. Mwongozi wa Rebmann alijibu “baridi”. Je, lilikuwa jibu baya au jema? Toa sababu.