KUCHUA SHINGO NA MABEGA: LINI KUNAFAA, LINI NI HATARI



Leo tujifunze juu ya maumivu ya shingo na mabega. Maumivu haya huwapata watu wengi wanaofanya kazi. Mama wa Chamazi hujitwika ndoo ya maji ya lita 20. Maji hayo ni kilo 20, na shingo ndiyo inayobeba. Fundi cherehani wa Mbagala huinama kutwa nzima. Kijana wa Bunju huinamia simu mpaka usiku.

Kwa nini shingo huuma?

Kichwa cha mtu mzima kina kilo 5 hivi. Misuli ya shingo na mabega ndiyo hukishikilia. Ukiinama muda mrefu, misuli hukaza. Misuli iliyokaza huuma. Ukiigusa, ni migumu kama fundo la kamba.

Jinsi ya kuchua

1. Mgonjwa akae kwenye kigoda. Mikono aiweke mapajani.
2. Chovya kitambaa katika maji ya moto kiasi, ukikamue. Kijaribu kwanza mkononi mwako, kisimwunguze. Mkande kwa dakika 10.
3. Pakaa mafuta ya nazi kidogo.
4. Chua kwa viganja, polepole, kutoka nyuma ya shingo kwenda mabegani.
5. Penye ugumu, bonyeza kwa dole gumba. Hesabu mpaka 10, kisha achia. Bonyeza nyama, usibonyeze mfupa. Usiguse mbele ya shingo.
6. Mwulize mgonjwa kama anaumia. Akisema anaumia, punguza nguvu.

Usikubali kugeuzwa shingo kwa nguvu

Vijana wengi wakisha kunyolewa saluni huchuliwa. Kuchuliwa taratibu si vibaya. Lakini wapo wanaoshika kichwa na kukigeuza ghafla mpaka shingo ilie. Kataa. Katika mifupa ya shingo hupita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Mshipa ukichanika, damu huweza kuganda na mtu akapata kiharusi. Halitokei mara nyingi. Likitokea, mtu anaweza kupooza au kufa.

Usichue! Nenda kwa mganga

• Shingo ngumu pamoja na homa, kuumwa sana kichwa, au kutapika. Huenda ni homa ya uti wa mgongo. Ugonjwa huu unaweza kuua kwa siku moja. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.
• Mtu aliyeanguka kutoka mnazini au kwenye pikipiki. Shingo yake isisogezwe.
• Maumivu ya kifua yanayopanda shingoni, tayani au mkononi. Huenda ni moyo. Naye awahishwe hospitali.
• Mkono wenye ganzi au uliokosa nguvu.
• Uvimbe shingoni.

Kinga

Kuchua huondoa maumivu ya leo. Kazi isipobadilika, kesho yatarudi. Jitwike ndoo ndogo, hata kama utakwenda kisimani mara mbili. Fundi asimame kila baada ya nusu saa, apandishe mabega na kuyashusha mara 10. Mwenye simu aiinue mbele ya macho.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni kazi gani hapa kwetu zinazokaza shingo?
2. Mtoto ana homa na shingo ngumu. Bibi anataka kumchua. Utamwambia nini?