Kukagua Viungo na Kusoma Idadi ya Wasomaji: Somo kwa Mhudumu Anayeanza Kutoa Elimu ya Afya Mtandaoni

Tunduma ni mji wa mpakani. Malori yanayofuata barabara ya TANZAM hupita hapo kuelekea Nakonde, Zambia, na habari za afya huvuka pamoja nayo katika simu za watu. Mhudumu wa Momba, Ileje au Mbozi anayeanza kuandika ushauri mtandaoni hukabiliwa na maswali mawili: je, viungo alivyoweka, yaani maandishi yanayobonyezwa ili kufungua kurasa nyingine, bado vinafunguka? Na je, ni watu wangapi wanaosoma? Majibu ya maswali haya humgusa mgonjwa moja kwa moja.

Kiungo ni kama dawa rafuni

Dawa huwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kiungo hakina, lakini nacho huharibika. Ukurasa huweza kuhamishwa, na msomaji akakutana na hitilafu ya 404. Hatari kubwa zaidi ni jina la tovuti kuachwa, kisha kununuliwa na mfanyabiashara. Kiungo hufunguka vizuri, ila kinachoonekana ni tangazo la dawa.

Tuchukue mfano wa mtoto anayeharisha. Pakiti nyingi za ORS huyeyushwa katika lita moja ya maji safi na salama, ingawa zipo ndogo zaidi, na hivyo maelezo ya pakiti yasomwe. Maji yakipungua, chumvi huzidi na mtoto hudhurika; maji yakizidi, dawa hupungua nguvu. Kwa hiyo kipimo kiandikwe ndani ya ujumbe wenyewe. Kiungo kiwe cha kuongezea maarifa, kisiwe mahali pekee penye maelekezo.

Kagua kila kiungo mara moja kwa mwezi, kwa hatua hizi:

1. Kifungue kwa simu ya kawaida yenye mtandao wa kawaida, si kwa kompyuta ya ofisini pekee.
2. Soma anwani hadi mkwaju wa kwanza. Tovuti za Serikali huishia na .go.tz, ya Wizara ya Afya ni moh.go.tz.
3. Tazama tarehe. Mei 2020 Zambia ilifunga kwa muda mpaka wa Nakonde kwa sababu ya UVIKO-19. Habari hiyo ni ya kweli, lakini ikisambazwa leo bila tarehe humzuia mgonjwa kusafiri bure.
4. Epuka viungo vilivyofupishwa, kwa kuwa huficha mahali viendako.

Idadi inasema nini?

Ukurasa uliofunguliwa mara 300 haukusomwa lazima na watu 300. Mtu mmoja huweza kuufungua mara tano, na baadhi ya waliohesabiwa ni programu zinazozunguka mtandaoni. Kwa upande mwingine, mama mmoja akiwasomea majirani zake kumi, huhesabiwa yeye peke yake.

Mahali nako hupotosha. Mkazi wa Tunduma mwenye laini ya Zambia huweza kuhesabiwa kuwa yuko Zambia, na mwenye laini ya Tanzania akaonekana yuko Dar es Salaam. Usiamue kwa takwimu hizo pekee kwamba Songwe haisomi.

Kipimo bora kipo zahanati. Mwombe mlezi aeleze kwa maneno yake jinsi atakavyochanganya ORS. Walezi kadhaa wakikosea jambo lilelile, sahihisha maandishi, hata kama yamefunguliwa mara elfu.

Siri ya mgonjwa

Kufuatilia wasomaji kuna mipaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Usiweke jina wala namba ya mgonjwa ndani ya kiungo, na usichunguze ni nani aliyefungua ukurasa wa VVU. Hesabu kurasa, usifuatilie watu. Kumbuka pia kwamba simu moja huweza kutumiwa na familia nzima.

Kwa mgonjwa

Ukipokea kiungo, usitoe fedha wala taarifa zako kabla ya kumuuliza mhudumu, au kupiga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya, bila malipo. Mtoto anayeharisha akilegea, akishindwa kunywa au macho yakididimia, usisubiri ukurasa ufunguke: mpeleke kituoni mara moja, ukimpa ORS njiani kadiri awezavyo kunywa.